Kitabu Kilichomhukumu Mjomba Wangu

Nilipewa kitabu kile nikichambue kwa sababu nina sifa ya kutopenda vitabu. Kikundi chetu cha wasomaji hukutana katika maktaba ya parokia hapa Uvira, na safari hii mwandishi mwenyewe alikuwa ameahidi kuja. Sista anayetunza maktaba alitaka mtu mmoja aseme neno kabla mgeni hajaanza kusaini nakala. Wenzangu wote kwenye kikundi husifu. Ukiwapa tangazo la sabuni watalisifu.

"Weye utafanya kritiki," sista aliniambia. "Lakini kritiki ya heshima. Metre anatoka mbali."

Metre ndivyo tunavyomwita wakili. Huyu alikuwa wakili wa Kinshasa, na alikuwa ameandika kwa Kifaransa kitabu kinene juu ya uonevu wa mahakama na magereza ya mashariki: watu wanaokamatwa bila hati, wanaooza kizuizini bila kumwona jaji, mafaili yanayopotea na kuonekana tena mtu akishapata wa kumsukumia. Nani atapinga kitabu kama hicho? Shaka yangu ilianzia hapo. Kitabu ambacho watu wamekikubali kabla ya kukifungua hakuna atakayekikagua.

Basi nikakikagua. Kwanza, ziwa. Kila sura inafunguliwa na ziwa: linang'aa, linanung'unika, linashuhudia mateso ya wanyonge. Sisi tunaokaa Mulongwe, ambako mto ulichukua ukuta wa choo chetu na ziwa likapanda hadi jikoni kwa jirani, hatujaliona likishuhudia kitu. Pili, wafungwa wake wana macho lakini hawana midomo. Macho yao yanasema hiki, macho yao yanalilia kile. Mtu aliyekaa kasho, yaani mahabusu, ana mengi ya kusema kwa mdomo, ukimwuliza kwa lugha yake. Mwandishi haongei Kiswahili. Mwishoni mwa kitabu anawashukuru walinzi wa gereza kwa wema wao wa kumtafsiria. Niliisoma sentensi hiyo, nikafunga kitabu, nikatoka nje kuzunguka nyumba. Mfungwa anaulizwa jinsi anavyoonewa gerezani, na mkalimani ndiye mwenye ufunguo.

Tena kuna sura nzima juu ya njaa ya wafungwa isiyo na sufuria hata moja. Kwetu, ukitaja gereza, mtu huona sufuria kwanza. Serikali inafunga, familia inalisha. Mama yangu alipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, akabeba ndani ya ndoo yenye kifuniko, akapanga mstari na wanawake wengine langoni. Zamu yake ikifika, mlinzi alimwamuru aonje mbele yake, ijulikane kwamba hakuna sumu. Mama alimega tonge kubwa, akatafuna polepole huku amemkazia mlinzi macho.

"Sasa weye naye onja," alimwambia siku moja nilipomsindikiza, "tuone kama hautakufa."

Mlinzi alionja. Walikuwa wanaonja kila siku, na ndakala nyingi, wale dagaa wa ziwani, ziliishia pale pale langoni. Mwandishi ana kurasa na kurasa za sheria ya chakula cha mfungwa, lakini hakusimama kwenye ule mstari hata asubuhi moja. Angesimama angejua mengine pia, kwa maana wanawake wa mstari ule walijua kesi zote.

Aliyekuwa ndani ni kaka ya mama, mjomba wangu. Ni mkulima wa mpunga katika uwanda wa Ruzizi. Mashamba ya huko hunywa maji ya mfereji mmoja kwa zamu, na watu hugombana juu ya zamu hizo toka kupanda hadi kuvuna. Asiyewahi kugombania maji hana mpunga. Asubuhi moja jirani yake wa shamba alikutwa amekufa, kifudifudi ndani ya mfereji, upande wa mjomba. Juma lile walikuwa wamerushiana maneno juu ya maji. Marehemu alikuwa pia na kifafa, na kijiji kizima kilijua. Alikufaje? Sijui. Mimi mwenyewe niliwahi kumwuliza mjomba uso kwa uso, na mama alinichukia siku kadhaa kwa swali hilo. Mjomba alijibu kwamba hakumgusa. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba hakuna daktari aliyeuangalia mwili, na hakuna mpelelezi aliyeshuka kwenye mfereji.

Kabla ya maziko mjomba alipeleka mbuzi kwa wafiwa. Katika vijiji vyetu mtu akifia kwenye ardhi yako unapeleka mbuzi, hata kama siku hiyo ulikuwa safarini. Unasema kwa mbuzi huyo kwamba udongo wako umewaliza, nawe unalia pamoja nao. Wafiwa wakikuona una mkono katika kifo, mbuzi anarudishwa kwako mzima, na kamba yake shingoni, na hapo ujue umepata maadui. Wakimchinja na kumla, wamesema mbele ya watu kwamba hawana neno nawe. Wale walimchinja. Walimla, na mjomba akala nao, akalala kwenye kilio chao mpaka siku ya mwisho.

Afisa wa polisi aliyekuja baadaye hakuwa mtu wa huku. Aliuliza swali moja: asiye na kosa anatoa mbuzi wa nini? Hilo ndilo lililokuwa faili lote. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni mjomba alipoingizwa kasho, na alipotoka gerezani nilikuwa nimekwisha kumaliza masomo na kukosa kazi. Alitoka kwa uhuru wa muda. Hakuruhusiwa kurudi kijijini. Alikaa kwetu Mulongwe, na kila Jumatatu alikwenda kusaini parke, yaani kwenye ofisi ya waendesha mashitaka, akisubiri siku ya kesi. Na siku hiyo, hatimaye, ilikuwa imepangwa: majuma machache baada ya ziara ya mwandishi.

Mwandishi alikuwa amemhoji mjomba gerezani. Mjomba alitoka akiwa anamsifu kuliko padri. Habari za kitabu zilipofika mjini, alizunguka mtaa mzima akitangaza, "Iko kitabu yangu inakuja." Aliazima koti la shemasi mmoja jirani yetu ili akakae mstari wa mbele. Jioni nilipofika sura ya sita alikuwa uani, anapiga viatu brashi, na mama anachambua sombe.

"Mwipwa," akaniita, "nisomee pale kwenye niko."

"Ni Kifaransa, mujomba."

"Si ndiyo tulikutuma kufuata kule chuo?"

Nikaanza kumtafsiria. Jina lake lilikuwa limebadilishwa, lakini mfereji ulikuwepo, mpunga ulikuwepo, kovu la shoka kwenye shavu lilikuwepo. Mwandishi alikuwa ameficha kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu wa kijijini angekihitaji ili kumtambua.

"Hata kovu hakusahau!" mjomba akacheka, akijishika shavu. "Ule ni muntu wa akili."

Nilipoona kinachofuata nikaruka mistari. Akanigundua kwa sababu kidole changu kilishuka mbali.

"Soma yote. Minye nilikaa mule ndani yote, sikuruka."

Nikasoma yote. Mwandishi anaeleza kwamba mkulima huyu, kwa hasira ya maji, alimuua jirani yake. Halafu, kwa mila za huko, akalipa mbuzi kama fidia ya damu, wafiwa wakampokea, na kwao jambo likaisha. Ndipo serikali ikaja kumwadhibu mara ya pili, bila kesi, na huo ndio uonevu, kwa maana hata muuaji ana haki ya kusikilizwa na jaji.

Brashi ilikuwa imesimama juu ya kiatu.

"Rudilia hapo."

"Anasema uliua, mujomba."

"Nani? Ule metre yangu?"

"Yeye."

"Lakini iko upande yangu."

"Iko upande yako. Anasema hata muuaji ana haki."

Mama hakuinua uso kwenye sombe. "Basi azae muuaji wake mwenyewe, amutetee."

"Na mbuzi, anasema nililipa?" Mjomba aliuliza taratibu, kama mtu anayepapasa njia gizani. "Mbuzi ya muuaji inaliwa na nani?"

Hapo ndipo nilipokichukia kitabu kwa dhati. Kabla ya hapo nilikuwa nakidharau tu. Mamia ya kurasa dhidi ya kumtia mtu hatiani bila kesi, na kwenye sura ya sita mwandishi mwenyewe amemtia mtu hatiani kwa aya moja, kwa faili lile lile analolilaani kwenye sura nyingine zote. Wala hakuwa polisi mgeni anayekimbilia chakula cha mchana. Alikuwa rafiki. Watu wa parke walikuwa wamealikwa kwenye ukumbi wa parokia, na wangenunua nakala. Majuma machache mbele ya kesi wangesoma, kwa Kifaransa kizuri, kwamba hata mtetezi wa mjomba anakubali kuwa aliua.

Mtu mmoja tu angeweza kulivunja neno hilo: kaka mkubwa wa marehemu, aliyempokea mbuzi na kuamuru achinjwe. Mama alikuwa amekwenda kwake mara mbili kumwomba aje kusema mbele ya jaji kwamba walikula. Mara zote mbili alimkaribisha vizuri na kumkatalia. Watoto wa marehemu walikuwa wanatarajia shamba la mjomba liwe fidia, na yeye akisema neno la kumwokoa mjomba, wangesema amehongwa. "Mama, minye ni mutu muzima," alimwambia. "Usiniingize mu vita ya batoto yangu."

Siku ya ziara, asubuhi, mwandishi alihojiwa na redio moja ya mjini. Mtangazaji alimtafsiria. Kati ya mifano yote ya kitabu alichagua sura ya sita, pengine kwa sababu ina mbuzi, na watu wa redio hupenda mila. Mama alizima redio kabla hajamaliza. Lakini uwanda mzima wa Ruzizi una redio.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda wakati pikipiki iliposimama mbele ya kwetu, na yaya wa marehemu, yule kaka yake mkubwa, akashuka akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Hakubisha hodi.

"Iko wapi huyu mushenzi? Atoke!"

Mjomba alitoka akiwa amekwisha kuvaa koti la shemasi.

"Weye ulimwambia ule metre kwamba minye niliuza mudogo yangu kwa mbuzi? Mbuzi! Redio nzima! Minye napita sokoni, batoto banalia kama mbuzi nyuma yangu!"

"Minye sikusema vile, yaya."

"Nani alisema?"

"Kitabu," nikasema, nikakileta. Nilimsomea sura ile pale pale uani, naye akiwa amesimama. Mama alimletea kiti, akakisukuma kwa mguu. Alimletea maji, hakuyapokea. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: huyo mtu anapatikana wapi. Nikamwambia atakuwa parokiani alasiri hiyo. Ndipo akaketi, akanywa maji, wala hakuongea na mjomba tena hadi tulipoondoka.

Ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi, watu wa mashirika na mawakili wachache. Watu wawili wa parke walikaa mstari wa pili. Nilisoma kritiki yangu. Niliacha mambo ya ziwa, nikaacha hata macho. Nilisema kwamba kitabu hiki kinamshitaki polisi kwa kuamua kabla ya kuuliza, na chenyewe kimeamua kabla ya kuuliza. Kwamba mbuzi anayeitwa fidia hakuwa fidia. Na kwamba wafiwa, ambao kitabu kinasema walilipwa, hawakutembelewa na mwandishi hata siku moja. Sista alinitazama kwa jicho la kuniambia heshima, heshima.

Mwandishi hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alinipongeza kwa ari ya ujana. Alisema yeye si mpelelezi. Alifuata yaliyoandikwa katika faili, na shabaha yake ni mfumo, wala si mtu mmoja. Akasema kosa dogo, kama lipo, haliondoi ukweli mkubwa. Watu wakapiga makofi. Makofi ya watu waliokuwa wameahidiwa soda.

Yaya wa marehemu alisimama kabla makofi hayajaisha. Sista akasogea karibu na mwandishi ili amtafsirie.

"Metre, weye ulifika kwetu?"

Mwandishi akajibu kwamba hapana, alitegemea faili.

"Faili ndiyo ilikula mbuzi?"

Nyuma watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Minye ndiyo nilikula. Nilikula mguu, na hii meno. Kama huyu muntu aliua mudogo yangu, ningekula? Kwetu mbuzi ya muuaji inarudi na kamba yake. Minye ndiyo nilisema bachinje. Sikulipwa. Sikuuza mutu."

Mmoja wa watu wa parke akageuka kwenye kiti. "Papa, unaweza kusema hayo mbele ya jaji?"

"Nimesema. Watu wote hawa ni viziwi?"

"Jaji haiko hapa, papa."

Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Nilijua mzee anawafikiria watoto wa marehemu na lile shamba, na nilijua kwamba akiketi sasa basi mambo yameisha. Alisimama muda mrefu mno, hata mwandishi akaanza kupanga kalamu zake.

"Nitasema," akatamka mwishowe. Akamnyooshea mjomba kidole bila kumtazama. "Si juu ya huyu. Juu ya jina yangu."

Watu walipopanga mstari wa kusainiwa, mwandishi alimwita mjomba, akamkumbatia, akamwandikia nakala ya zawadi. Mjomba aliipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Kisha akamrudishia.

"Mwambie afute kwanza," akamwambia sista.

Mwandishi alieleza kwamba kitabu kikishapigwa chapa hakifutiki.

"Basi abakie nayo."

Mzee alitimiza neno lake. Jaji alimwuliza maana ya mbuzi, akamrudia kumwuliza, akaandika. Watoto wa marehemu walimzomea mlangoni, mmoja akimlilia kama mbuzi. Mahakama ikasema hakuna ushahidi, na mjomba akarudi kwenye mpunga wake.

Tangu siku hiyo sista ananiambia kwamba kitabu kimefaa, nisiwe na roho ngumu: bila kitabu, mzee asingekuja. Ni kweli asingekuja. Alikuja kwa sababu alitukanwa. Lakini nyumba yako ikiungua na nyoka aliyekuwa darini akakimbia, utamshukuru aliyeleta moto? Na bado najiuliza juu ya wengine wa sura zile, ambao wafiwa wao hawana redio, au wana redio lakini hawana hasira ya kutosha. Nani kati yao kahukumiwa humo kwa upendo?

Mwandishi alinitumia ujumbe mara moja, wa upole sana. Alisema toleo lijalo litakuwa na maelezo mafupi chini ya ukurasa. Wakati huo mjomba alikuwa amenipigia simu toka shambani. Zamu ya maji anapewa, alisema, na yaya wa marehemu humsalimu, lakini watoto wa marehemu wamepata sura ya sita kwenye simu, ukurasa kwa ukurasa. Wanaionyesha kwa watu mferejini. Wakiambiwa mahakama imekwisha kusema, wanajibu kwamba mahakama ilisema tu, ila hii imeandikwa.

Nilikwenda maktabani alasiri, nikaitoa nakala ya parokia kwenye rafu, nikafungua pale. Pembezoni mwa aya ile nikaandika kwa kalamu kwamba si kweli, mahakama haikumwona na hatia, wafiwa walikula. Nilikuwa kwenye neno la mwisho sista aliponisimamia kichwani.

"Weye! Kuandika mu kitabu ya parokia ni kosa!"

"Najua, sista. Unipeleke parke."

Akaninyang'anya kitabu, akavaa miwani, akasoma. Alichukua muda wake. Kisha akakirudisha mezani, wazi.

"Maandishi yako ni mabaya," akasema. "Andika kubwa."